Do ya Mama Yeremia

Juzi tulikutana kumi na mmoja, tuliobaki wa kwaya ya vijana, sebuleni kwa Neema pale Bumbuli. Nasema "vijana" kwa sababu ndilo lilikuwa jina la kwaya, na jina halizeeki. Wawili walikuja na fimbo. Mmoja alikuja na meno mapya ambayo anayatoa kila anapotaka kula nyama, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa faida yake. Tulikula makande, tukala ndizi, tukachekana vipara na matumbo, na mimi nilichekwa kuliko wote kwa sababu nimejaa sehemu ambazo zamani hazikuwepo. Tulipofika kwenye chai, binti wa Neema, yuko kidato cha nne, kaka yake kamletea gitaa la umeme kutoka Dar, akaniuliza mbele ya kadamnasi: "Shikamoo shangazi. Eti mtu anayeanza kujifunza gitaa la umeme, aanze na nini?" Nikamwambia aanze na maharage. Wenzangu walicheka mpaka yule wa meno akayatafuta chini ya kochi. Binti akadhani namtania, akanuna. Basi naandika hapa asome kwa utulivu, na makosa ya herufi anisamehe. Shule mimi niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili nilikifikia kwa kusukumwa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, nusu saa kwa mguu kutoka kanisani. Kwa nini nilikuwa nakaa huko ni hadithi nyingine, na haina gitaa ndani yake. Mchana nilikuwa navuna karoti na kuziosha mtoni, jioni naimba alto. Naimba, ndivyo nilivyokuwa naamini mimi. Mwalimu Zakayo, mwalimu wetu wa kwaya, alikuwa mtu wa do-re-mi ubaoni na rula mkononi, na sauti yangu ilikuwa inamtesa kama jiwe ndani ya kiatu. Siku moja Danieli, mpiga gitaa letu la solo, akapata kazi Dodoma. Kwaya nzima ikahuzunika, lakini Mwalimu akaona mlango umefunguka. Akaniita pembeni. "Tabitha, kuanzia leo wewe utapiga gitaa." Nikasema, "Mimi, Mwalimu? Mimi sijui." Akasema, "Najua hujui. Kuimba pia hujui, na kuimba kwako kunasikika zaidi." Hivyo ndivyo nilivyoitwa kwenye muziki. Wengine wanaitwa na malaika, mimi niliitwa ili ninyamaze. Danieli alinifundisha siku tatu kabla ya kuondoka. Alinionyesha kodi tatu, yaani nyuzi kadhaa zinavyobanwa na kupigwa kwa pamoja, akanichorea kwa mkaa mahali vidole vinapokaa, kwenye ukuta wa jiko la mama mdogo, akaniambia: "Kata kucha. Usikaze mkono kama unaua kunguni. Na ukipotea, tabasamu, watu watadhani umefanya makusudi." Hilo la mwisho ndilo nililolishika haraka.

Sasa, gitaa lenyewe lilikuwa jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, na lilikuwa mali ya kanisa. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Kanisa lilikuwa na jenereta, na jenereta lilikuwa linawashwa Jumapili tu, tena kwa kubembelezwa. Siku sita zilizobaki nilikuwa na gitaa la umeme lisilo na umeme, yaani ubao wenye nyuzi. Ukipiga linatoa sauti ya mbu aliyefunikwa na bakuli. Nilihangaika wiki nzima nimelibandika shavuni kama mtu anayeumwa jino, mpaka siku moja kichwa cha gitaa kikagusa kabati la vyombo la mama mdogo, na kabati zima likaimba! Sahani zikatetemeka, vikombe vikagongana, nikasikia kila uzi kama upo ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo nilikuwa nakaa kwenye kigoda, mgongo kwenye magunia, kichwa cha gitaa nimekigandamiza kwenye mlango wa kabati, napiga. Mama mdogo akawa anasonga bada, ugali wetu wa muhogo, jikoni huku ananihesabia vyombo. "Tabitha, sahani yangu ikivunjika utakula kwenye hilo gitaa lako." Ncha za vidole zilivimba, zikapasuka, zikabanduka kama viazi vya kuchemsha, na asubuhi naingia na vidole hivyo hivyo kwenye maji ya mtoni ambayo ni baridi mpaka yanauma. Mwezi wa pili wa mazoezi ngozi ikawa ngumu, nikawa naweza kutoa kiazi kwenye sufuria inayochemka bila kijiko. Nilijiona nimefuzu. Kumbe nilikuwa nimejifunza kitu kibaya kuliko vyote: kila siku, ili kabati lisikike vizuri, nilikuwa nazidi kupiga kwa nguvu. Mkono wangu ulikuwa umekuwa jembe.

Kanisa likaligundua hilo Jumapili moja ya mwezi wa nne, mara yangu ya kwanza kupiga ibadani. Nilichomeka waya, sikugusa kitufe chochote kwenye amplifaya, nikakiacha kila kitu pale Danieli alipokiacha. Mwalimu akanyoosha mkono, nikapiga kama nilivyozoea kulipiga kabati. Spika haikulia, ilibweka. Mchungaji aliangusha miwani. Watoto wote wachanga walianza kulia kwa pamoja, tena kwa sauti nne, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia tangu matangazo akasimama akasema "Amina!" akakaa tena. Nikaogopa, nikaachia nyuzi, gitaa likaanza kupiga yowe lenyewe, wiiiii, bila mtu kuligusa. Nikakumbuka fundisho la Danieli, nikatabasamu. Neema, rafiki yangu wa alto, aliniambia baadaye kuwa lile tabasamu ndilo lililowatisha watu zaidi.

Baada ya ibada nilikuwa nyuma ya pazia nakunja waya, kamati ya kwaya wakaingia upande wa pili bila kujua kuwa nipo. Mwenyekiti wetu, Mzee Paulo, alianza hata hajakaa. "Huyu binti atatuua." Mwalimu Zakayo akasema, "Ana miezi miwili tu, mzee." "Na Sikukuu ya Mavuno ni mwezi wa nane. Sharika nyingine zote zinakuja hapa kwetu. Mimi nitakaa wapi siku hiyo? Chini ya benchi? Kuna kijana Tanga mjini, Salimu, anapiga hotelini. Tumwite huyo." Mama mmoja akauliza, "Si Mwislamu huyo?" Mzee Paulo akajibu, "Kwani gitaa linabatizwa?" Wakabishana, wakafika hapa: nisubiriwe mpaka Mavuno. Nikiwa sijaweza, Salimu anachukua solo, na gitaa jekundu linatundikwa chumba cha mchungaji mpaka apatikane mpigaji wa kweli. "Na binti mwenyewe?" akauliza Mwalimu. "Arudi alto." Hapo nikamsikia kiongozi wa alto, mama mpole kabisa, mtu asiyekanyaga hata sisimizi, akisema: "Alto imejaa." Nililia nyuma ya lile pazia, waya umenizunguka mkono kama mfungwa. Leo nacheka, lakini siku hiyo haikuwa mzaha. Shule nilikuwa nimeiacha katikati, na kila mtu kule mlimani alikuwa analijua hilo, hata wale waliokuwa wananunua karoti. Sikuwa tayari kuacha kitu cha pili katikati. Gitaa likitundikwa, mimi nabaki kuwa msichana anayeanza vitu.

Ndipo yakaja maharage. Mwezi wa sita na wa saba, maharage yakishapurwa, wanawake walikuwa wanakusanyika mchana jikoni kwa mama mdogo kuchambua, kwa sababu jiko lake lilikuwa na joto na maneno ya watu. Kila mmoja na ungo wake mapajani, wanatoa mawe na yaliyooza, na wanaimba. Mkubwa wao alikuwa Mama Yeremia, mjane mnene mwenye kifua kama pipa, sauti ya kwanza ya kwaya kuu, ambayo Mwalimu Zakayo alikuwa anaifundisha na kuiimbisha pamoja na yetu. Huyu lazima nimweleze vizuri. Kanisani kwetu hakukuwa na kinanda, na kile chuma cha Mwalimu cha kugonga ili kupata sauti kilikuwa kimepotea tangu enzi za mchungaji wa zamani. Kwa hiyo do ilikuwa inatoka kwenye koo la Mama Yeremia. Mwalimu anamtazama, yeye anafumba macho, anasema "Dooo," na watu arobaini wanapanga sauti zao juu ya hiyo. Hakuna aliyeuliza kama ndiyo do ya dunia nzima. Ilikuwa do yetu.

Nilipowaona wamejaa jikoni wanaimba nikasema hapa ndipo pa kufanyia mazoezi. Nikaegemeza gitaa kwenye kabati, nikatafuta zile kodi zangu tatu, hazikukubaliana na wimbo hata kidogo. Nikawaambia kwa heshima kabisa, "Mama zangu, naomba muanzie hapa," nikagonga uzi, pim. Nyungo zikasimama. Bibi mmoja akamgeukia mwenzake, "Anasemaje huyu?" "Anataka tuanze pale kwenye kijibao chake." "Sisi wenye pumzi tufuate ubao?" Walicheka mpaka maharage yakamwagika. Mama Yeremia peke yake hakucheka. Aliniambia, "Mndee," ndivyo kwetu anavyoitwa msichana, "weka huo ubao chini, chukua ungo." Nikachukua ungo. Siku ya pili nikaja na gitaa, akasema, "Ungo." Wiki mbili sikugusa uzi, nachambua maharage na kusikiliza, na kila wimbo ukiisha ananihoji. "Umesikia Eliwaza anavyochelewa kuingia? Ukimkimbilia utamkanyaga, msubiri." "Leo tumeanzia juu au chini kuliko jana?" Mwanzo nilikuwa nabahatisha. Kisha ikanijia kama mtu anayezoea giza: do ya Mama Yeremia haikuwa moja. Asubuhi ya ukungu ilikuwa chini. Akinywa chai ya tangawizi ilipanda. Siku aliyogombana na jirani yake kuhusu mbuzi ilipanda mpaka sauti ya kwanza wakatokwa na machozi. Wiki ya tatu akaniruhusu uzi mmoja. "Usitufundishe. Tutafute." Nikawatafuta, taratibu, kwa mkono mwepesi, kwa sababu nikipiga kwa nguvu nilikuwa siwasikii. Hapo ndipo jembe lilipotoka mkononi mwangu. Halikutolewa na mwalimu wa gitaa, lilitolewa na kelele za wanawake tisa na maharage.

Nikaanza na tabia mpya. Kila siku ya mazoezi, kabla ya kwenda kanisani, nilikuwa napita kwa Mama Yeremia. Nabisha hodi, yeye yuko kwenye banda anakamua. "Shikamoo mama. Naomba do." "Marahaba. Dooo." Anasema bila kugeuka, kama mtu aliyeombwa chumvi. Nakaa kizingitini, natuni nyuzi zote sita kwa sauti yake ya siku hiyo, naondoka. Majirani walizoea. Mtoto wake mkubwa alikuwa anasema, "Mama, mwenye do yake kaja."

Ijumaa kabla ya Mavuno, Salimu akafika. Mzee Paulo alikuwa amemwita kimyakimya, hakutaka kubahatisha. Nilitaka sana kumchukia, akanishinda. Alikuwa kijana mpole, kofia ya kiua kichwani, amebeba gitaa jeusi linalong'aa na kijimashine kidogo cha kutunia chenye taa ya kijani. Akapiga pale kanisani mara moja tu, vidole vinakimbia kama maji yanavyoteremka kwenye maporomoko ya Soni, nikatamani gitaa langu ligeuke mwiko niende nalo jikoni. Akaniona nimeganda, akasema, "Dada, na wewe piga." Nikapiga. Hakucheka. Akanionyesha kitufe cha sauti ambacho kwa miezi yote nilikuwa sikigusi kama sufuria ya watu. "Anza chini, halafu panda. Na hizi nyuzi hazijakukosea chochote, zipapase." Mazoezi ya Jumamosi Mama Yeremia hakuja, alikuwa amelala na mafua, kwa hiyo Mwalimu akachukua do kwenye gitaa la Salimu. Kwaya ikatoka safi kama redio. Mzee Paulo akawa anasugua viganja. Uamuzi ukatolewa pale pale: solo ni Salimu, mimi nipige rizimu, gitaa la kusindikiza, nyuma yake, amplifaya moja, matundu mawili, na kitufe changu kiwekwe kwenye namba moja. Moja ya ile amplifaya ilikuwa ni salamu tu. Niliambiwa kwa upole kuwa baada ya sikukuu gitaa jekundu litapumzika.

Asubuhi ya Mavuno ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Ningependa kusema kuwa niliamka na akili. Sikuwa na akili, nilikuwa na mazoea: miguu ilinipeleka yenyewe kwa Mama Yeremia. Alikuwa amejifunga shuka mpaka masikioni, bakuli la uji mkononi. "Shikamoo mama. Hata usijisumbue, leo wanachukua kwa Salimu." Akanitazama. "Nani kasema siendi? Nitaenda hata nikiwa maiti." Akakohoa, akafumba macho. "Dooo." Ilitoka chini kabisa, kama mtu anaita kutoka kisimani. Nikatuni nyuzi sita kwa hiyo. Nilipofika kanisani Salimu akanisikiliza, akakunja uso. "Dada, gitaa lako limeshuka. Tuni na langu." Lakini kengele ilikuwa inalia na wageni wanaingia, na Mzee Paulo akasema, "Mwache tu, kwanza hasikiki."

Matoleo ya mavuno kwetu hayawekwi kwenye sahani. Kila mtu anayaleta mavuno yake mwenyewe mbele, anacheza njia nzima, kabichi kichwani, kuku kwapani, mkungu wa ndizi begani, na kwaya inaimba wimbo mmoja bila kukata mpaka mtu wa mwisho afike madhabahuni. Mwalimu akasimama, akamgeukia Salimu ampe sauti. Kabla hajageuka vizuri, kutoka benchi la pili, amejifunga shuka lake, Mama Yeremia akafumba macho. "Dooo." Watu arobaini wakaifuata kama kondoo wanavyofuata chumvi. Miaka yote walikuwa wanaifuata hiyo, wangefanyaje? Wimbo ukaondoka. Salimu akaingia na solo lake zuri, na ilikuwa kama mtu ametia pilipili kwenye chai. Akapanda nafasi moja, si hapo. Akashuka, si hapo. Ile do haikuwepo kwenye gitaa lake, ilikuwa katikati ya nafasi mbili, pale ambapo hakuna mtu anayeishi isipokuwa mama mwenye mafua. Akainama na kijimashine chake atuni, ngoma zinapigwa, vigelegele, kuku, taa ya kijani inacheza tu haijui imsikilize nani. Mzee Paulo akashika kichwa. Mimi nilikuwa pale nyuma na namba moja yangu, napiga, na kila nilichogusa kilikuwa kinakaa mahali pake kama punje kwenye ungo.

Salimu akanyanyua uso. Akageuza sikio kwenye spika, kisha akanitazama, kisha akatazama mkono wangu. Nikajua nimeharibu, nikaanza kutabasamu. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe chake mpaka sifuri. Halafu akashika changu, akakizungusha taratibu: tatu, tano, saba. Akaniinamia sikioni. "Wako kwako, dada. Wachukue."

Nikawachukua. Ah, jamani, wale mnaoanza, nitawaambiaje? Sikupiga vitu vingi, sikuwa navyo. Nilimsubiri Eliwaza pale anapochelewa, akaingia kama anaingia nyumbani kwake. Nilikwenda chini ya sauti ya kwanza nikawabeba. Pale walipovuta pumzi, kale kanafasi kadogo, nikajaza kidogo tu, vionjo viwili vitatu, kanisa likaitika "Hoyeee!" Wageni wakasimama kwenye mabenchi. Neema akanipungia kitambaa, Mwalimu Zakayo akaacha kuongoza akabaki ameshika rula hewani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Salimu alikuwa anapiga makofi kwa kufuata mdundo, kofia imeenda upande, na Mzee Paulo, naapa, Mzee Paulo mwenyewe alibeba kabichi la mtu mwingine akaingia kwenye mstari kucheza. Mchungaji alimnong'oneza Mwalimu, na mimi nilimsikia: "Huyu ndiye. Mwacheni na gitaa lake." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, vidole vigumu kama kwato, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mahali ambapo nikiondoka mimi, kitu kinaanguka.

Mstari ukaisha. Nikaona madhabahu imefunikwa na karoti na mahindi, nikaanza kuuteremsha wimbo polepole ili tumalize vizuri, si kwa kubweka. Kumbe mlangoni kulikuwa na bibi mmoja bado, sikumfahamu, labda alitoka sharika za mbali. Ana boga kubwa kichwani, hajalishika, mikono ameiweka kiunoni, anakuja hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Kwaya imechoka, mpiga ngoma ananitazama kama anauliza tunakata au hatukati. Bibi akafika kwangu, akasimama mbele ya spika, boga limetulia kichwani kama limeota pale. "Wewe mtoto," akasema, "mbona unataka kumaliza? Mimi sijafika."

Basi sikumaliza.